Maana kwa Kiswahili, Sentensi kwa Kiingereza

Mwaka 1987 wanasaikolojia wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Gildea, walichapisha makala kuhusu namna watoto wanavyojifunza maneno mapya. Walieleza kilichotokea wanafunzi wa shule ya msingi walipopewa fasili ya neno kutoka kwenye kamusi na kutakiwa watunge sentensi. Mmoja alisoma kwamba "erode" ni "eat out, eat away", akaandika: "Our family erodes a lot." Alitaka kusema kwamba nyumbani kwao wana mazoea ya kwenda kula hotelini. Mwingine aliona "stimulate" ni "stir up", akaandika: "Mrs. Morrow stimulated the soup." Bibi wa watu alikuwa anakoroga supu tu.

Tukishacheka, tukumbuke kwamba Kiingereza kilikuwa lugha ya watoto hao nyumbani. Kamusi walikuwa nayo, akili walikuwa nazo, na walifanya kile hasa ambacho fasili iliwaruhusu kufanya: walichukua kipande cha maana wanachokitambua, wakakiweka mahali walipoona kinaingia. Sasa mchukue kijana aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili Nzega au Mkuranga, akaingia kidato cha kwanza ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza, mkononi ana daftari la msamiati lenye safu mbili: neno kushoto, maana kulia. Huyo ana kinga gani?

Daftari la safu mbili tunalijua wote tuliopita huko. Na mimi sina ugomvi na safu ya kulia yenyewe. Ugomvi wangu ni kazi tuliyoipa. Fasili inaweza kujibu swali moja tu, nalo ni neno hili linahusu nini. Swali la pili, yaani neno hili linatumikaje, linakaa na nani, linafuatwa na nini, hujibiwa na sentensi. Kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, swali la kwanza hujibiwa haraka na vizuri zaidi kwa Kiswahili, na la pili haliwezi kujibiwa ila kwa Kiingereza. Shule zetu nyingi zimegeuza: zinakataza Kiswahili pale kinapofaa, kisha hazitoi sentensi za Kiingereza za kutosha pale zinapohitajika.

Turudi kwenye yale maneno mawili. Mtoto wa Kitanzania ukimwambia "erode" ni kumomonyoa, hawezi kamwe kuandika kwamba familia yake inamomonyoa sana. Mmomonyoko wa udongo amekutana nao shule ya msingi, na pengine nyuma ya nyumba yao kuna korongo. Neno moja la Kiswahili limemfikisha mahali ambapo fasili ya Kiingereza ilimpoteza mtoto wa Kimarekani. Lakini "stimulate" ni habari nyingine. Kamusi itampa "chochea", na si kosa. Tunasema kuchochea uchumi, kuchochea ukuaji wa mimea. Tatizo ni kwamba sisi tunachochea moto pia, na tunachochea vurugu. Kijana ataandika "stimulate the fire" kwa imani kamili. Hapo Kiswahili kimefika mwisho wa uwezo wake, na hakuna ufafanuzi utakaomwokoa, uwe mrefu namna gani. Kinachomwokoa ni kuona sentensi mbili tatu: "The new road stimulated trade." "Light stimulates growth." Ataona mwenyewe kwamba neno hili linakwenda na biashara, ukuaji, hamu, mjadala, wala halikaribii jiko.

Fasili zenyewe zina historia ya kuchekesha. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu ya mwaka 1755, alieleza "network" kuwa ni kitu "reticulated or decussated, at equal distances, with interstices between the intersections". Anayejua maneno hayo hana haja ya kuambiwa wavu ni nini. Johnson hakuwa mjinga. Aliwaandikia wasomi waliojua Kiingereza tayari, na alijaza kamusi yake nukuu zaidi ya laki moja kutoka kwa waandishi wa kale na wa zama zake. Mwanafunzi wa kigeni hakuwa akilini mwake.

Aliyemfikiria mwanafunzi wa kigeni hakukaa London. Michael West alikuwa mwalimu katika utumishi wa elimu huko Bengal, akafundisha walimu mjini Dhaka wakati India ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwaka 1935 yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mtumiaji akishayajua hayo 1,490, hakuna fasili itakayomshinda. Upande mwingine wa Asia, A. S. Hornby alikuwa akifundisha Japani, akishirikiana na Harold Palmer na wenzake. Kamusi ya Hornby na wenzake wawili ilitoka Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na mwaka 1948 Oxford University Press ikaitoa tena kwa ajili ya dunia nzima. Ndiyo babu wa ile kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi ambayo shule nyingi za Afrika Mashariki huifungia kabatini isichakae. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba chombo hiki ni cha Waingereza na sisi tunakiazima. Kilitengenezwa kutokana na makosa ya Wabengali na Wajapani darasani, watu waliokuwa na shida ileile tuliyo nayo.

Jambo kubwa alilolifanya Hornby, na ambalo wengi hulipita bila kulitazama, ni kuorodhesha mifumo 25 ya vitenzi vya Kiingereza. Kila kitenzi katika kamusi kilionyeshwa kinafuata mfumo upi na kwa sentensi gani. Kwa msemaji wa Kiswahili hili lina uzito kuliko utajiri wote wa maneno, na nitaeleza kwa nini.

Kiswahili huweka mtendwa ndani ya kitenzi. Nisubiri. Nisikilize. Nieleze. Niangalie. Kila kitu kimo humo, na kama tunataka kuonyesha kwamba jambo linafanywa kwa ajili ya mtu, tunabadili kauli: niletee, nisomee, nipikie. Kiingereza hakina chombo hicho. Kinategemea vihusishi vidogo vinavyokaa nje ya kitenzi, na kila kitenzi kina chake: "wait for me", "listen to me", "look at me", "explain it to me". Hakuna kanuni inayosema kwa nini huyu anataka "for" na yule anataka "to". Mwanafunzi aliyekariri kwamba "wait" ni subiri na "explain" ni eleza amekariri ukweli mtupu, na atakwenda na ukweli wake hadi chuo kikuu akisema "wait me" na "explain me". Safu ya kulia ilimwambia maana sahihi. Haikumwambia kitenzi kinatembea na nani.

Upande wa pili tuna "na", kineno kinachofanya kazi za watu kumi. Ameolewa na, inategemea na, tofauti na, anafanana na. Ndiyo maana kuanzia Mombasa hadi Mbeya utasikia "it depends with" na "she is married with", hata kwa watu wenye shahada. Wenye tabia ya kucheka makosa haya huyaita uzembe. Mimi naona ni hesabu safi ya mtu mwenye akili anayetumia sarufi ya lugha yake kwa sababu hakuna aliyempa sentensi nyingine ya kuegemea. Nomino nazo zina mitego yao: sisi tuna taarifa mbili, samani tatu, vifaa vinne, na hivyo tunazalisha "informations", "furnitures" na "equipments". Hakuna fasili ya "information" itakayokutahadharisha. Sentensi moja yenye "a piece of information" inatosha.

Mwanaisimu J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wale linaofuatana nao. Sisi hatuhitaji Firth kulielewa hili, kwa kuwa tuna kitenzi "piga". Tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, deki, kura, hodi, chafya na magoti. Mgeni akija Zanzibar na daftari lake limeandikwa "piga – hit", mswaki wake utapata tabu. Tunamcheka, kisha tunageuka na kufanya vilevile kwa "make", "do", "take", "have" na "get". Kwetu kosa hufanywa, kazi ya nyumbani hufanywa, mtihani hufanywa, na sherehe hufanywa. Kwao ni "make a mistake", "do homework", "take an exam" ukiwa mtahiniwa, "have a party". Maneno haya yanaonekana mepesi mno, hayaandikwi katika daftari la msamiati, na ndiyo yanayomuumbua mtu kwenye usaili wa kazi.

Hapa nina neno na wale wa "neno la leo". Kila asubuhi makundi ya WhatsApp na video fupi hutuletea "serendipity", "quintessential", na lile la harufu ya mvua ya kwanza, "petrichor", ambalo Mwingereza mwenyewe anaweza kuzeeka bila kulitamka. Chini yake pana fasili ya mstari mmoja na sentensi iliyotungwa harakaharaka, mara nyingi ya aina ya "He experienced serendipity." Sentensi kama hiyo haifundishi kitu. Ukiondoa neno lengwa ukaweka "malaria" inabaki sawa, na hicho ndicho kipimo rahisi ninachokijua cha mfano mbaya: kama pengo linaweza kujazwa na neno lolote, mfano haujafanya kazi. Sentensi nzuri humbana msomaji hadi abaki na neno moja au mawili yanayowezekana.

Mapenzi haya ya maneno mazito hayakuanza na simu. Yamelelewa kwenye midahalo ya shule, mahali ambapo anayepigiwa makofi ni yule aliyeshusha maneno "ya bombastic", hata kama hoja yake ilikufa njiani. Kenya ni hivyo, Tanzania ni hivyo, Uganda sijui hata niseme nini. Ung'eng'e umekuwa vazi la sikukuu. Matokeo yake tuna vijana wanaojua "meticulous" na hawana uhakika kama ni "on Monday" au "in Monday".

Hesabu inapinga kabisa mpangilio huo. West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya matumizi ya jumla, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha mara nyingi kwamba orodha ya aina hiyo hufunika karibu asilimia 80 ya maneno katika maandishi ya kawaida. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha nyingine ya familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maneno yanayozaliwa nalo, kama "vary", "variable" na "variation"), ambayo huchukua takriban asilimia 10 nyingine katika maandishi ya kisomi. Humo mna "require", "occur", "factor", "indicate", "vary", "function". Paul Nation, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Wellington, hukohuko New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya na magazeti bila msaada anahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Safari ni ndefu, sikatai. Lakini iangalie ilivyopangwa: maneno 2,000 ya kwanza yanabeba mzigo mkubwa, na maelfu yanayofuata yanaongeza asilimia chache chache. Anayeanzia mkiani anajichosha.

Yale 570 ya Coxhead ndiyo yanayoniuma zaidi, maana hayana mwenyewe. Mwalimu wa baiolojia atafundisha "photosynthesis" kwa mchoro, fasili na jaribio, hadi kila mtu aelewe. Mwalimu wa Kiingereza atafundisha hadithi na sarufi. Nani anafundisha "indicate" na "vary", au hata "account for", ambalo halimo katika orodha hiyo ila lina shida ileile? Karatasi ya mtihani wa historia inasema "Account for the rise of the coastal city states", na mtoto aliyejisomea habari za Kilwa na Mombasa usiku kucha anakwama kwenye neno la kwanza, kwa sababu akaunti anayoijua ni ya benki. Anaamua kueleza miji yenyewe, masoko yake, misikiti yake, biashara ya dhahabu kutoka Sofala, na kila alichoandika ni kweli. Sababu hakutoa. Alama hapati. Baadaye tutasema hajui historia.

Kuna mjadala wa wataalamu kuhusu mifano itoke wapi, na sina budi kuugusa. Mwaka 1987 kamusi ya COBUILD, iliyoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ilileta mapinduzi mawili. Kwanza, fasili zake ziliandikwa kama sentensi kamili, kwa mfano ukieleza kitenzi unaanza na "If you...", hivyo fasili yenyewe inaonyesha matumizi. Pili, mifano yake ilichotwa kwenye hazina kubwa ya maandishi na mazungumzo halisi yaliyohifadhiwa katika kompyuta, si kichwani mwa mhariri. Ni wazo zuri, ila mfano halisi una kasoro yake: ulisemwa na mtu fulani mahali fulani, na ukikatwa kutoka hapo huja na maneno mengine magumu na watu usiowajua. Batia Laufer, mtafiti wa Israel, alilinganisha aina hizo mbili mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona kwamba mifano iliyotungwa na waandishi wa kamusi ilisaidia zaidi wanafunzi kulielewa neno jipya. Mimi nasimama naye kwa anayeanza. Mpe kwanza sentensi iliyotungwa vizuri, yenye mambo anayoyajua: daladala, mahindi, foleni ya maji, ada ya shule. Akikomaa, mpeleke kwenye magazeti akakutane na lugha ilivyo.

Kuhusu kukumbuka sina mengi. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885 inajulikana kwamba kilichokaririwa huporomoka mapema sana, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku huzidi marudio ya mkupuo. Sebastian Leitner alilifanya jambo hilo mwaka 1972 kuwa sanduku la kadi, na leo programu za simu kama Anki hufanya kazi hiyo, tena bure kwenye simu za Android. Ninaloomba ni kwamba kadi ibebe sentensi yenye pengo. Kadi ya neno na maana yake ni lile daftari la safu mbili limehamia kwenye simu.

Pingamizi ninalolitarajia ni la walimu, nao wana haki ya kulileta. Watasema: mkiruhusu Kiswahili katika maana, mtoto hatafikiri kwa Kiingereza kamwe. Ndiyo sababu ukutani pamebandikwa "Speak English" na kuna shule ambako Kiswahili ni kosa la adhabu. Nawaelewa, maana wanapimwa kwa matokeo ya mitihani iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ila mtoto anayepewa fasili ya Kiingereza asiyoielewa haanzi kufikiri kwa Kiingereza. Anamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, na jirani anambahatishia. Tafsiri inatokea vilevile, tofauti ni kwamba imefanywa na mtoto mwingine badala ya mwalimu. Nation mwenyewe, ambaye hakuna atakayemshuku kuwa adui wa Kiingereza, anatetea matumizi ya lugha ya mwanafunzi katika hatua ya kwanza ya kuunganisha neno na maana. Na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1996 tunayo. Ukiifungua utaona baada ya maneno mengi kuna vifungu vifupi vya matumizi. Tunaviruka, tunachukua neno la Kiswahili, tunafunga kitabu.

Ningependa nyuma ya kila kitabu cha kiada cha kidato cha kwanza, cha kila somo, pawe na kurasa chache za namna hii. "Account for": toa sababu za jambo, pia, kufanya sehemu fulani ya jumla. "Account for the growth of Kilwa." "Bad roads account for the high price of maize." "Girls account for half of the class." Maana ni mstari mmoja wa Kiswahili, sentensi ni tatu za Kiingereza, na kila moja ina kitu ambacho mtoto amekiona kwa macho au amekisoma katika somo lenyewe. Mwalimu wa historia asome sentensi zake, wa jiografia zake, wa fizikia zake, kwa kuwa neno "constant" la fizikia silo lile la mwalimu wa Kiingereza. Kazi ya kuziandika ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa upande wetu, ambayo tayari inaandaa vitabu hivyo, na haihitaji sera mpya. Familia 570, ukizigawa tatu kwa siku, ni siku 190 za masomo. Karibu mwaka mmoja wa shule.